Sola Ndogo Kigoma: Mwongozo Kamili wa Kuchaji Betri, Kuwasha Taa na Kuvulia Dagaa

Ukiingia duka la vifaa vya umeme Mwanga au Ujiji ukasema unataka sola, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni paneli. Muuzaji atagonga kioo chake, atakuambia ni ya wati mia, na mazungumzo yatahamia kwenye bei. Betri inakuja mwishoni, inanunuliwa kwa salio lililobaki mfukoni. Mimi nakushauri uanzie huko mwishoni. Paneli nzuri inakaa juu ya bati miaka 20 na zaidi bila kukudai kitu. Betri ya asidi ikitunzwa vibaya inakufa kabla mwaka haujaisha, na ikifa, paneli yako inabaki kuwa kioo cha kuangalia mawingu. Karibu kila hatua hapa chini ina kazi moja: betri ijae mchana, na isikauke usiku.

Tunazungumzia mifumo midogo ya volti 12, paneli ya wati 10 hadi 200 hivi, kwa ajili ya taa, simu, redio, runinga ndogo na taa za kuvulia. Pasi, jiko la umeme na jagi la kuchemshia maji havimo humu. Jagi moja tu linaweza kuvuta wati 1,500, na hakuna betri ya bei ya kawaida itakayolivumilia.

Hatua ya kwanza: andika unachotumia

Chukua karatasi. Kila kifaa kina wati zake, zimeandikwa mgongoni au kwenye chaja. Zidisha wati kwa saa unazokitumia kwa siku, unapata wati-saa. Chukulia nyumba ya kawaida, tuseme pale Kasulu:

Taa 3 za LED za wati 5, kila moja saa 4: wati-saa 60.
Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30.
Simu janja 2, kila moja ikichajiwa mara moja: wati-saa 50.

Jumla ni 140. Hesabu ya simu nimeitoa hapa: betri ya milliampea-saa 5,000 inabeba karibu wati-saa 19, na ukiongeza kinachopotea njiani unafika 25. Simu ya kitochi inakula 5 tu, ndiyo maana wazee wenye vitochi hawana shida na sola. Ukiongeza runinga ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja, wati 25 kwa saa 4, unaongeza 100 na jumla inakuwa 240.

Usiandike unachotamani kuwa nacho mwakani. Andika cha leo, kisha acha nafasi kidogo.

Hatua ya pili: lijue jua la Kigoma

Saa zetu zinafuata majira ya Afrika Mashariki, ambayo yamepimwa kwa mstari ulio mashariki sana ya hapa. Kwa sababu hiyo jua la Kigoma linafika juu kabisa karibu saa saba mchana. Mtu wa Dar es Salaam akikuambia saa sita ndiyo kilele, anasema kweli kwa kwao. Kwetu saa za kuvuna ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Ukifika saa tisa na nusu paneli bado inafanya kazi nzuri, usiwe na haraka ya kuishusha.

Mafundi hutumia kipimo cha saa za jua kamili: mwanga wa siku nzima unakusanywa kana kwamba jua lilikuwa kali kabisa kwa saa chache tu. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, tunapata 5 au zaidi. Miezi ya mvua, Novemba hadi Aprili, siku za mawingu hushuka hadi 4 na chini yake. Piga hesabu kwa 4. Mfumo unaotosha Januari utakuwa na ziada Julai, lakini ule uliopimwa kwa jua la Julai utakuacha gizani Januari.

Vijiji vilivyobanwa kati ya ziwa na milima, kama Mwamgongo kule kaskazini, vina tatizo la ziada. Jua linachelewa kupanda juu ya mlima, na asubuhi nzuri inapotea. Huko ongeza paneli kwa robo.

Hatua ya tatu: ukubwa wa paneli

Gawanya wati-saa zako kwa 4, kisha gawanya kwa 0.7. Hiyo 0.7 ni kwa sababu sehemu ya umeme inapotea kwenye joto, vumbi, waya na ndani ya betri yenyewe. Nyumba yetu ya 140 inahitaji wati 50. Yenye runinga, 240, inahitaji wati 86, na kwa kuwa hiyo huikuti dukani unachukua ya 100.

Hatua ya nne: betri, na hapa usikimbie

Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu. Ukubwa wake unapimwa kwa ampea-saa, na wati-saa 140 ukigawa kwa volti 12 ni karibu ampea-saa 12 kwa siku. Ukitaka akiba ya siku mbili za mawingu unapata 24, na kwa kuwa unatumia nusu tu, unahitaji betri ya ampea-saa 50.

Sasa angalia upande wa kujaza. Betri ya asidi inapenda kuchajiwa kwa ampea zinazofikia sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake, na ikishuka chini ya sehemu moja ya ishirini haijai vizuri. Paneli ya wati 50 inatoa ampea 2.8 jua likiwa kali. Kwa betri ya 50 hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi na nane, yaani imepita kwa tabu. Ningekuwa mimi, ningechukua paneli ya 80 kwa betri hiyohiyo, au ningebaki na paneli ya 50 na kununua betri ya 40.

Kanuni yangu ya dukani ni rahisi kukumbuka: kwa betri ya asidi, namba ya ampea-saa isizidi namba ya wati za paneli. Ikiwa pungufu, vizuri zaidi. Jambo linaloua betri nyingi mkoani hapa ni N100, yaani betri ya ampea-saa 100, iliyounganishwa na kipaneli cha wati 50, kwa imani kwamba betri kubwa inakaa na chaji zaidi. Haikai, kwa sababu haijazwi. Betri inayokaa nusu tupu wiki baada ya wiki inaota chembe ngumu za salfeti ya risasi kwenye mabamba yake, na chembe hizo zikikomaa hazitoki tena.

Betri ya gari nayo inauzwa sana kwa kazi hii kwa sababu inapatikana kila mahali. Mabamba yake ni membamba, yametengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha nusu kila usiku haitadumu. Kama ndiyo pekee unayoimudu, itumie, lakini usitumie zaidi ya robo ya chaji yake. Betri ya sola ya asidi ina mabamba manene, na ukiibeba utahisi uzito wake. Ipo ya kuongezwa maji na ipo iliyofungwa, tunayoiita betri kavu. Ya kuongezwa maji ni nafuu na inavumilia, mradi uikague kila mwezi.

Halafu kuna litiamu. Aina inayofaa nyumbani ni ile ambayo lebo yake imeandikwa LiFePO4. Unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji yake bila kuiumiza, haichukii kukaa nusu, na ni nyepesi sana. Ya ampea-saa 20 inabeba wati-saa 256, hivyo nyumba yetu ya mfano ingekaa nayo siku moja na nusu hivi. Bei yake inauma siku ya kununua. Ukigawa kwa miaka, kwa maoni yangu inashinda, lakini nunua yenye sakiti ya ulinzi ndani yake na utumie kontrola (kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji) yenye mpangilio wa litiamu.

Hatua ya tano: usidanganywe dukani

Nenda na futi ya kupimia na multimita, kile kipimo cha volti na ampea, hata ile ya bei ndogo. Nenda mchana wenye jua, na mwombe muuzaji atoe paneli nje. Akikataa, nenda duka jingine.

Anza na futi. Jua kali lina wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri za kawaida zinageuza karibu asilimia 20 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo paneli ya kweli ya wati 100 lazima iwe na eneo la karibu nusu mita ya mraba, kwa mfano sentimita 100 kwa 50 au zaidi. Ukiona yenye sentimita 50 kwa 40 imebandikwa lebo ya wati 100, hiyo ni wati 40 ikijitahidi. Lebo hubandikwa na mtu yeyote, ila eneo la kioo halina ujanja.

Kisha multimita. Elekeza paneli kwenye jua, pima volti kati ya chanya na hasi bila kuunganisha kitu. Paneli ya betri ya volti 12 inasoma 19 hadi 22. Hamisha waya wa multimita kwenye tundu la ampea 10 na uguse nyaya zilezile: ya wati 50 isome karibu 3, ya wati 100 karibu 6, jua likiwa la saa saba. Kipimo hicho cha ampea ni cha paneli peke yake. Ukikifanya kwenye betri utaunguza multimita na pengine vidole.

Angalia pia volti zilizoandikwa nyuma ya paneli. Paneli kubwa za volti 30 hivi, zilizokusudiwa kwa mifumo mikubwa, huuzwa wakati mwingine kwa bei ya kuvutia. Ukiifunga kwa kontrola ya PWM, ile aina ya kawaida na rahisi, na betri ya volti 12, zaidi ya nusu ya nguvu zake inapotea. Paneli ya namna hiyo inahitaji kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Kwa mfumo wa chini ya wati 150 wenye paneli iliyoandikwa volti 18, ile ya betri ya volti 12, PWM inatosha kabisa.

Nyaya: kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Iache.

Hatua ya sita: kufunga juu

Sisi tuko karibu digrii 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo paneli ielekee kaskazini. Kama huna dira, simama ukilitazama ziwa linapozamia jua: kaskazini iko mkono wako wa kulia, upande wa Burundi. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha. Ukiilaza bapa kabisa utapata umeme karibu uleule, lakini mvua haitaisafisha na vumbi litaganda pembeni.

Acha nafasi ya sentimita 10 kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli ikichemka hadi nyuzi joto 60, jambo la kawaida Agosti, inapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu zake. Ifunge kwa boliti kwenye mbao za paa, maana upepo wa kusi wa kiangazi unang'oa kilichofungwa kwa waya wa kuni.

Kivuli ni adui kuliko mawingu. Seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, na kivuli cha jani moja la mchikichi kikikaa juu ya seli moja kinaweza kushusha paneli nzima vibaya sana. Kagua saa tatu asubuhi, saa saba na saa kumi. Mchikichi unaongezeka urefu, kwa hiyo rudia ukaguzi huo kila mwaka.

Hatua ya saba: waya na mpangilio wa kuunganisha

Kutoka paneli hadi kontrola, kwa umbali wa mita 10, tumia waya wa milimita za mraba 2.5 kwa paneli ya wati 50 na wa 4 kwa paneli ya wati 100. Ukitumia waya mwembamba wa 0.75 kwa paneli ya 100, karibu volti 3 zinapotea njiani. Paneli ikiwa ya moto inatoa volti 16 hivi, ukitoa 3 zinabaki 13, na betri ya asidi inahitaji kufikia 14.4 ili ijae. Hapo utailaumu betri wakati kosa ni la waya. Kutoka kontrola hadi betri usizidi mita moja.

Weka fyuzi kwenye waya wa chanya, ndani ya shubiri moja kutoka kwenye betri. Ampea 15 inatosha kwa kontrola ya ampea 10, na fyuzi za gari zinafaa. Mafundi wengi wanairuka hatua hii. Betri ndogo ya asidi ikigusanisha nyaya zake inaweza kutoa mamia ya ampea na kuyeyusha waya kabla hujasimama kwenye kiti.

Vua pete na saa, kisha fuata mpangilio huu:

1. Betri kwenye kontrola: hasi, halafu chanya. Subiri skrini iwake na uone inasoma volti 12.
2. Paneli kwenye kontrola.
3. Taa na vifaa.

Kufungua ni kinyume: vifaa, paneli, betri mwisho. Kontrola inaitambua betri kwanza ndipo inajua ifanye kazi kwa volti ngapi, na paneli ikitangulia inaweza kuiunguza.

Sehemu ya betri iwe na hewa, mbali na kitanda na mbali na moto. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa hidrojeni, na kibatari au sigara vinatosha kuilipua.

Hatua ya nane: mipangilio ya kontrola

Chagua aina ya betri. Kwa ya asidi, kujaza 14.4, kushikilia 13.7. Kipengele muhimu zaidi ni volti ya kukata vifaa. Kontrola nyingi za bei nafuu unazikuta zimewekwa karibu 10.7, na hapo betri imeshaumia. Ipandishe hadi 11.8. Familia italalamika siku za kwanza kwamba taa zinazimika mapema, na kulalamika kwao kutakuonyesha kwamba hesabu ya hatua ya kwanza ilikuwa pungufu.

Wiki ya kwanza

Pima betri alfajiri kabla jua halijapiga paneli, vifaa vikiwa vimezimwa. Kwa betri ya asidi, 12.7 ni imejaa, 12.2 ni nusu, 11.9 ni karibu tupu. Ukikuta chini ya 12.2 asubuhi mbili mfululizo, punguza matumizi au ongeza paneli. Litiamu usiihukumu kwa volti, kwani hukaa karibu 13 hadi inapokaribia kuisha, halafu inaporomoka ghafla.

Chaji simu mchana. Umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye simu bila kulala kwenye betri haupotezi ile sehemu inayoliwa na betri. Kwa wenye vibanda vya kuchaji simu, hili peke yake linaweza kuongeza simu kadhaa kwa siku.

Inveta, ile ya kugeuza kuwa umeme wa 230, iepuke ukiweza. Hata bila kuwasha kitu, nyingi zinavuta wati 5 hadi 10. Wati 8 kwa saa 24 ni wati-saa 192, zaidi ya nyumba yetu nzima ya mfano. Nunua taa na runinga za volti 12. Ikibidi uwe na inveta kwa ajili ya mashine ya kunyolea, izime kila mteja akiinuka.

Kwa wanaovua

Taa za LED zimechukua nafasi ya karabai kwenye boti nyingi za dagaa, na hesabu ni ileile. Taa 3 za wati 10 zikiwaka saa 9 ni wati-saa 270, hivyo betri ya asidi ya ampea-saa 50 hadi 60 na paneli ya 100, au 120 wakati wa mvua, kwa sababu lazima ijae mchana mmoja kabla hamjarudi majini. Botini tumia betri kavu au litiamu, ndani ya boksi lenye mfuniko na mkanda, fyuzi ikiwa ndani ya boksi.

Tatizo la betri za wavuvi liko nchi kavu. Giza likiisha na mbalamwezi ikitawala, uvuvi unasimama, na betri inaletwa nyumbani ikiwa imechoka, inasukumwa chini ya kitanda hadi giza lijalo. Siku hizo za kupumzika ndizo zinazoiua. Usiku wa mwisho ukiisha, asubuhi yake ifunge kwenye paneli ijae, kisha iache hapohapo kwenye kontrola mbalamwezi yote. Litiamu inavumilia kukaa nusu, lakini nayo usiiache tupu.

Wa paneli ndogo za USB

Aliye shambani Uvinza na paneli ya kukunja ya wati 10 hana haja ya haya yote. Chaji pawabenki mchana, simu ichajiwe usiku kutoka kwenye pawabenki. Kila wingu likipita, simu iliyo kwenye paneli moja kwa moja inaacha na kuanza tena, na nyingine hazianzi. Weka pawabenki kivulini nyuma ya paneli, kamwe si juani, maana betri za litiamu zinaharibika zikichajiwa zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45.

Matunzo, na betri ikifika mwisho

Osha paneli asubuhi na mapema kwa maji na kitambaa laini. Maji baridi kwenye kioo cha moto cha saa nane yanaweza kukipasua. Betri ya kuongezwa maji iongezewe yale yaliyosafishwa ya dukani peke yake, yafunike mabamba. Maji ya kisima au ya ziwa yana madini yanayoiharibu, na asidi haiongezwi kamwe. Vichwa vikiota unga mweupe au wa kijani, visugue kwa maji yenye magadi ya kuokea, kausha, paka grisi. Radi zikianza kupiga jioni za Novemba, chomoa waya wa paneli kwenye kontrola kabla mvua haijakaribia.

Betri ya asidi iliyokufa ina dalili yake: kontrola inaonyesha imejaa saa nne asubuhi, na taa zinazimika saa mbili usiku. Inajaa haraka kwa sababu haina tena nafasi ya kubeba. Iuze nzima kwa wanunuzi wa betri chakavu, kwani risasi iliyomo ina bei. Usiipasue nyumbani wala kumwaga maji yake karibu na kisima, na asidi ikikurukia machoni suuza kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua.